Maswali Yenu: Mmoja Asema Nafaka Itapanda, Mwingine Asema Itashuka

Barua nyingi za safari hii zinahusu mikataba ya baadaye ya nafaka katika soko la Chicago, yaani ahadi za kununua au kuuza mahindi, ngano au soya katika mwezi fulani ujao kwa bei inayokubaliwa leo. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti, nani aaminiwe kati ya anayetarajia bei ipande na anayetarajia ishuke. Ili tusirudie maneno, wa kwanza tutamwita wa kupanda na mwenzake wa kushuka. Mkataba mmoja ni busheli 5,000, ambazo ni takriban tani 127 za mahindi, au tani 136 za ngano au soya. Bei hutajwa kwa senti za dola kwa busheli. Ikisogea senti moja, ni dola 50 kwa kila mkataba. Shika hesabu hiyo, tutaihitaji hadi mwisho.

SWALI: Ndugu wahariri, nafuatilia wachambuzi wawili, wote wazoefu. Mwezi Juni, baada ya ripoti ileile moja, mmoja alisema nunueni mahindi, mwingine akasema uzeni. Yupi kati yao anatudanganya?

JIBU: Huenda hakuna anayedanganya. Waulize kwanza: mahindi ya mkataba wa mwezi upi? Mikataba ya mahindi Chicago huishia Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba. Ukiwa Juni, mkataba wa Julai unahusu mahindi yaliyovunwa mwaka uliopita. Yako ghalani na yanahesabika. Mkataba wa Desemba unahusu mahindi ambayo bado ni majani shambani. Hizo ni bidhaa mbili zenye jina moja. Kwa soya, mkataba wa mavuno mapya ni wa Novemba, na kwa ngano ni wa Julai.

Basi inawezekana kabisa ghala likawa limekaribia kukauka, viwanda vya ethanoli (mafuta ya magari yatokanayo na mahindi) na wafugaji wakagombania kilichobaki, na Julai ikapanda, huku mvua nzuri ikinyesha mashambani na Desemba ikashuka. Wachambuzi wako wote wawili watakuwa wamesema kweli. Ukitaka kufanya biashara juu ya mawazo yao yote mawili kwa pamoja, unanunua Julai na kuuza Desemba, na unachofuatilia ni tofauti kati ya bei hizo mbili. Usidhani kwamba njia hiyo haina hatari. Siku ghala linapojaa ghafla, tofauti hiyo hubomoka haraka kuliko bei yenyewe.

Jambo la pili ni muda. Mwenye kuangalia chati ya siku tano na mwenye kuangalia msimu mzima wanaweza kupingana kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na kila mmoja akapata faida yake. La tatu ni nchi. Brazil hupanda mahindi yake ya pili baada ya kuvuna soya, na huyavuna kuanzia Juni hadi Agosti. Ndiyo mavuno makubwa zaidi ya mahindi ya nchi hiyo. Mchambuzi anayeangalia majimbo ya Marekani ya Illinois na Iowa tu ataona ukame, na anayeangalia jimbo la Mato Grosso nchini Brazil ataona mahindi ya bei nafuu yakienda kupakiwa melini kuelekea kwa wanunuzi walewale wanaonunua kutoka Marekani.

Kwa hiyo maoni ya mtu yapime kwa mambo matatu: mkataba wa mwezi upi, hadi lini, na ni jambo gani likitokea atakubali kwamba amekosea. Akikosa hilo la tatu, usiweke hata dola moja juu ya neno lake, hata awe na sifa gani.

SWALI: Nasikia kila mara "akiba ya mwisho wa msimu". Hesabu yake ikoje, na kwa nini mtu mmoja anaiona kubwa na mwingine anaiona ndogo?

JIBU: Hesabu yenyewe haimshindi mtu mwenye karatasi na kalamu. Unachukua akiba iliyovuka kutoka msimu uliopita, unajumlisha mavuno na kiasi kidogo kinachoagizwa kutoka nje, kisha unatoa matumizi yote: chakula cha mifugo, ethanoli na viwanda vingine, na mauzo ya nje. Kinachobaki ndicho akiba ya mwisho wa msimu. Kwa mahindi na soya ya Marekani msimu huanza tarehe 1 Septemba, kwa ngano tarehe 1 Juni. Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, huitoa hesabu hiyo kila mwezi katika ripoti ya ugavi na mahitaji iitwayo WASDE, saa 5 asubuhi kwa saa za Chicago.

Tuifanye kwa mfano. Tuseme zimepandwa ekari milioni 90 na zitakazovunwa kwa nafaka ni milioni 82.5, kwa kuwa nyingine hukatwa mbichi kwa ajili ya mifugo. Kila ekari ikitoa busheli 181, mavuno ni busheli bilioni 14.93. Ongeza akiba ya zamani bilioni 1.7 na uagizaji wa milioni 25, unapata bilioni 16.66. Matumizi yakiwa bilioni 15, inabaki bilioni 1.66, yaani asilimia 11 ya matumizi.

Sasa punguza busheli nne tu kwa ekari, kutoka 181 hadi 177. Mavuno yanapungua kwa milioni 330. Ukiyalinganisha na bilioni 15 ni punje kiganjani, ila hayatoki kwenye ile bilioni 15, yanatoka kwenye akiba. Akiba inashuka hadi bilioni 1.33, chini kidogo ya asilimia 9. Upungufu wa asilimia mbili shambani umekula asilimia ishirini ya kilichobaki ghalani. Hapo ndipo ugomvi wa wa kupanda na wa kushuka unapokaa: kila mmoja ana makadirio yake ya mavuno kwa ekari, na tofauti ya busheli tatu au nne inatosha kuwapeleka pande mbili za soko.

Mfano halisi ni Januari 2025. USDA ilishusha makadirio ya mavuno ya 2024 kutoka busheli 183.1 kwa ekari hadi 179.3, na akiba ya mwisho wa msimu ikashuka kutoka takriban bilioni 1.74 hadi 1.54. Mahindi yalipanda zaidi ya senti kumi siku hiyohiyo.

Kosa tunaloliona kwa wengi ni kubadilisha upande wa mavuno na kuyaacha matumizi yalivyo. Bei ikipanda, wafugaji hupunguza mifugo au huhamia kwenye ngano ya kulishia, na wanunuzi wa nje huenda Brazil, Argentina au Ukraine. Mwaka 2012 ukame uliikausha Marekani. Mavuno yaliyokuwa yanatarajiwa mwezi Mei kuwa busheli 166 kwa ekari yaliishia 123. Bei ya mahindi ilifika kilele cha dola 8.43 na robo tatu za senti tarehe 10 Agosti 2012, siku ya ripoti, kisha ikaanza kurudi chini huku mavuno yakibaki mabaya vilevile. Bei yenyewe ilikuwa imekwisha kuwafukuza wanunuzi. Wa kupanda waliokuwa wakingoja dola 10 walikuwa na takwimu sahihi za shamba, ila karatasi yao haikuwa na safu ya mnunuzi anayeondoka.

SWALI: Ripoti inatoka mbaya kwa bei, mavuno makubwa kupindukia, halafu bei inapanda! Au kinyume chake. Soko lina akili kweli?

JIBU: Linayo, ila halipimi ripoti kwa ubaya au uzuri wake. Linaipima kwa kile kilichokuwa kimetarajiwa. Kabla ya kila ripoti kubwa mashirika ya habari hukusanya makadirio ya wachambuzi na kutoa wastani. Wastani ukiwa busheli 184 na ripoti ikasema 182, mavuno bado ni makubwa, lakini waliouza mikataba wasiyokuwa nayo, kwa kutegemea 184 na bei kushuka, lazima wanunue ili kuifunga.

Kuna pia swali la nani amekwisha kuingia. Kila Ijumaa, saa 8 na nusu mchana kwa saa za Chicago, hutoka taarifa inayoonyesha nani anashikilia mikataba mingapi, kwa hali ilivyokuwa Jumanne ya wiki hiyo. Tazama safu ya mifuko ya uwekezaji. Mwezi Julai 2024 mifuko hiyo ilikuwa imeuza mahindi, baada ya kutoa iliyonunua, zaidi ya mikataba 300,000. Habari zote zilikuwa za kushuka: mvua nzuri, ghala zimejaa, wakulima wanalazimika kuuza. Mkataba wa Desemba uligota chini ya dola 4 mwishoni mwa Agosti, na mavuno makubwa yakafuata kweli. Hata hivyo bei ilianza kupanda, kwa sababu kila aliyetaka kuuza alikuwa amekwisha kuuza, na mauzo ya nje yalikuwa yanakwenda vizuri. Kufikia Februari 2025 bei iligusa dola 5. Wakati huo mifuko ileile ilikuwa imegeuka: imenunua zaidi ya mikataba 300,000, na maoni uliyoyasoma kila mahali yalikuwa ya kupanda. Wiki chache baadaye, na habari za ushuru wa forodha zikiwa juu, bei ilianguka kwa senti makumi.

Taarifa hiyo haikwambii lini bei itageuka. Mifuko inaweza kukaa upande mmoja miezi mingi. Inachokwambia ni mlango gani utakuwa mwembamba watu wakianza kutoka. Ukiwa wa kushuka wakati mifuko imeuza kupita kiasi, huenda uko sahihi, lakini habari ndogo tu ya mvua kukatika itakuumiza kuliko unavyostahili. Punguza idadi ya mikataba au ngoja.

SWALI: Niliona sawasawa kwamba mahindi yatapanda. Yakapanda kweli. Lakini mimi nilipoteza. Niambieni kosa langu liko wapi.

JIBU: Kwa maelezo uliyotutumia, akaunti yako ilikuwa na dola 3,000 na ulinunua mikataba miwili kwa dola 4.50. Hujataja dhamana aliyodai dalali wako, yaani fedha anayoishikilia kufidia hasara, kwa hiyo tuchukue mfano wa dola 1,200 kwa kila mkataba kuingilia, na kiwango cha chini cha dola 1,100 ambacho akaunti isishuke chini yake. Thamani ya kila mkataba ilikuwa dola 22,500. Ina maana ulishika nafaka ya dola 45,000 kwa fedha ya dola 3,000.

Bei iliposhuka senti 12, ulipoteza dola 600 kwa mkataba, dola 1,200 kwa yote miwili. Ukabaki na dola 1,800, na kiwango cha chini kwa mikataba miwili ni dola 2,200. Dalali akakutaka uongeze dola 600 ili urudi kwenye 2,400. Hukuwa nazo, akaiuza mikataba yako. Siku nne baadaye bei ikapanda senti 40 bila wewe. Senti 12 katika mwezi wa Juni si ajali, ni siku ya kawaida. Mifumo ya utabiri wa hali ya hewa, wa Marekani na wa Ulaya, hutoa makadirio mapya mara kadhaa kwa siku, na mvua inapoingia au kutoka kwenye ramani, mahindi husogea senti nane au kumi kabla hata tone halijaanguka.

Anza hesabu kutoka upande wa pili. Amua kwanza bei ambayo ikifikiwa wazo lako limekufa. Tuseme ni senti 20 chini ya ulipoingia. Amua pia unaweza kupoteza kiasi gani bila kuathirika. Tuseme asilimia 2 ya akaunti ya dola 10,000, ambayo ni dola 200. Gawanya: dola 200 kwa senti 20 ni dola 10 kwa senti. Mkataba kamili una dola 50 kwa senti, kwa hiyo hauwezi. Mkataba mdogo wa busheli 1,000 una dola 10 kwa senti, nao unatosha mmoja tu. Tangu Februari 2025 Chicago pia ina mikataba midogo zaidi ya busheli 500, yenye dola 5 kwa senti, ambayo humalizwa kwa fedha bila kukabidhiana nafaka. Kwa hesabu hiyo ungeweza kushika miwili. Kwa akaunti yako ya dola 3,000, ruhusa ni dola 60. Huo ni mkataba mmoja wa busheli 500 wenye nafasi ya senti 12, na mwezi Juni nafasi hiyo ni finyu mno. Tunakwambia wazi: kwa fedha hiyo, Juni na Julai kaa pembeni.

Kuna jambo jingine ambalo oda ya kukata hasara, yaani agizo la kuuza bei ikishuka hadi kiwango ulichopanga, haiwezi kukuokoa nalo. Soko lina kikomo cha siku, kiwango ambacho bei haiwezi kukivuka. Hupangwa upya mara mbili kwa mwaka. Tarehe 12 Agosti 2019, baada ya masika yenye mvua nyingi iliyochelewesha upandaji, wa kupanda walikuwa na hakika kwamba ekari zimepungua sana. Ripoti ikasema zimepandwa ekari milioni 90 na kila ekari itatoa busheli 169.5, vyote juu ya makadirio ya soko. Mahindi yakaanguka hadi kikomo cha wakati huo, senti 25, yakakwama hapo. Aliyekuwa na oda ya kukata hasara senti kumi chini hakupata wa kumuuzia katika bei hiyo. Ndiyo maana wenye uzoefu hupunguza mikataba kabla ya ripoti za mwisho wa Machi, mwisho wa Juni, Agosti na Januari, hata wanapokuwa na imani kubwa.

SWALI: Vita vikizuka kwenye nchi zinazolima ngano, si lazima bei ipande? Nilinunua ngano Machi 2022 na hadi leo sielewi kilichonikuta.

JIBU: Pole sana, ndugu. Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zikiuza karibu theluthi moja ya ngano inayovuka mipaka duniani. Uvamizi wa tarehe 24 Februari 2022 ulifunga bandari za Ukraine, na ngano ya Chicago ikapanda hadi kikomo cha siku kwa siku kadhaa mfululizo. Siku kama hizo wauzaji hakuna. Anayepata mkataba hupata kwa bahati au siku ya mwisho. Bei ilipita dola 13 mwanzoni mwa Machi, ikageuka. Walionunua pale walinunua sambamba na wa kushuka waliokuwa wakilazimishwa kununua ili kufunga hasara zao, na shinikizo hilo lilipokwisha hapakuwa na mwingine wa kuisukuma juu.

Mwanzoni mwa Julai 2022 bei ilikuwa imerudi chini ya pale ilipokuwa kabla ya vita. Angalia tarehe: makubaliano ya kufungua bandari za Bahari Nyeusi yalitiwa saini Istanbul tarehe 22 Julai, baada ya anguko hilo. Mavuno ya kaskazini mwa dunia yalikuwa yameanza kuingia, wanunuzi walikuwa wamejizuia kwa sababu ya ughali, na riba zilikuwa zinapanda. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Julai 2023, makubaliano yalipovunjika, bei iliruka kwa takriban wiki moja tu. Kufikia mwisho wa Septemba ilikuwa chini ya dola 6, kwa sababu Urusi ilikuwa na ngano nyingi na iliiuza kwa bei nafuu.

Tunachokiona hapa ni kwamba kupanda kwa nafaka huwa kwa ghafla na kwa muda mfupi, na kushuka huwa kwa polepole na kwa muda mrefu. Hofu ya kukosa huja kwa usiku mmoja. Ghala hujaa kwa miezi. Kwa hiyo wa kupanda anahitaji kuwa ameingia mapema na kuondoka wakati magazeti yote yanaandika habari hiyo. Wa kushuka anahitaji subira, na mfuko wa kuvumilia vijisiku vya kupanda vinavyomtisha njiani.

Halafu ngano si moja. Ya Chicago ni laini nyekundu ya kipupwe, ya biskuti na keki. Ya Kansas City ni ngumu nyekundu ya kipupwe, ya mkate. Minneapolis wana ngumu ya masika, yenye protini nyingi. Ukame wa Kansas unapandisha ile ya Kansas City kwanza, na mtu anayenunua ya Chicago kwa sababu hiyo amenunua mwangwi.

SWALI: Bei ya mahindi sokoni haikushuka hata senti tangu Desemba, lakini mkataba wangu wa Julai umenipa hasara. Inawezekanaje?

JIBU: Ulilipia ghala bila kujua. Chukua bei hizi za mfano: Desemba 4.20, Machi 4.34, Mei 4.42, Julai 4.48. Bei za mbele ni kubwa kwa sababu anayehifadhi mahindi analipa ghala na riba. Ukinunua Julai kwa 4.48 na mahindi ya papo hapo yakabaki 4.20, mkataba wako utateremka taratibu kukutana nayo. Senti 28, dola 1,400 kwa mkataba, bila mtu yeyote kusema bei imeshuka. Kwa wa kupanda ni upepo wa usoni. Kwa wa kushuka ni wa mgongoni.

Ngazi hiyo ya bei pia ni chombo kizuri cha kupimia nani ana hoja. Fanya hivi. Tuseme ghala ni senti 8 kwa mwezi kwa busheli, na riba ya asilimia 7 kwa mwaka juu ya dola 4.20 ni kama senti 2.5 kwa mwezi. Jumla senti 10.5, kwa miezi mitatu kutoka Desemba hadi Machi ni senti 31.5. Soko linalipa senti 14 tu, yaani asilimia 44 ya gharama kamili. Likilipa asilimia 80 na kuendelea, ghala zimejaa na soko linawaomba watu wahifadhi. Wa kushuka ana hoja nzito. Tofauti ikipungua wiki baada ya wiki, au mkataba wa karibu ukawa ghali kuliko wa mbali, kuna mtu anayeitaka nafaka leo na yuko tayari kulipa. Sisi huiamini tofauti hiyo kuliko maoni ya mchambuzi yeyote, kwa sababu wanaoisogeza ni wenye maghala, na wao wanaziona punje kwa macho.

SWALI: Nataka kuuza mahindi ya Desemba lakini naogopa ukame wa Julai. Je, opsheni ya kuuza ni salama zaidi?

JIBU: Hasara yake ina mpaka, ndiyo. Tuseme Desemba iko 4.60 na unanunua haki ya kuuza kwa 4.40, kwa senti 16, ambazo ni dola 800. Hata bei ikienda dola 7, umepoteza hizo 800 tu na hakuna dalali atakayekupigia simu usiku akitaka uongeze dhamana. Lakini ili ufike mwisho wa opsheni bila hasara, Desemba lazima iwe 4.24 au chini yake.

Angalia pia siku unayonunua. Katikati ya Juni opsheni ni ghali kuliko wakati wowote, kwa kuwa mahindi yanakaribia kutoa mbelewele na ndevu, na uchavushaji wa Julai ndio unaoamua idadi ya punje kwenye gunzi. Soya huamuliwa zaidi Agosti, maganda yanapojaa. Mvua zikishanyesha, hofu hupungua na bei ya opsheni nayo hunyauka. Unaweza kuona Desemba imeshuka senti 15 kama ulivyotabiri, na opsheni yako ikabaki palepale. Njia moja ya kupunguza gharama ni kununua haki ya 4.40 na wakati huohuo kuuza haki ya 4.00. Unapata nafuu mwanzoni, na faida yako inaishia kwenye 4.00.

SWALI: Nisipouza mkataba wangu kabla haujaisha, wataniletea mahindi?

JIBU: Hawakuletei mlangoni, ila unaweza kupewa hati ya kupakia nafaka kwenye kituo kando ya mto Illinois, na uilipie thamani yake yote. Kwa mkataba wa dola 4.50 ni dola 22,500, pamoja na gharama ya ghala inayohesabiwa kila siku. Tarehe ya kuandika kwenye kalenda ni siku ya kwanza ya taarifa ya makabidhiano: siku ya mwisho ya kazi ya mwezi unaotangulia mwezi wa mkataba. Kwa mkataba wa Desemba, ni mwishoni mwa Novemba. Kuanzia hapo, aliyeshikilia mkataba wa kununua kwa muda mrefu zaidi ndiye hupewa kwanza. Biashara ya mkataba huisha siku ya kazi inayotangulia tarehe 15 ya mwezi wenyewe, na ukishaingia kwenye kipindi cha makabidhiano kikomo cha siku hakipo tena. Madalali wengi huuza mikataba ya wateja wao siku moja au mbili kabla ya siku hiyo ya taarifa, kwa bei yoyote iliyopo, kwa hiyo wahi wewe mwenyewe. Ukitaka kuendelea kushika mahindi, uza Desemba na ununue Machi katika oda moja ya pamoja, wiki moja kabla, kati ya saa 2 na nusu asubuhi na saa 7 na dakika 20 mchana kwa saa za Chicago, wakati wanunuzi na wauzaji ni wengi.